Mkanda wa kinu haupimwi kwa video ya simu

Ndugu Mhariri,

Barua iliyochapishwa kwenye ukurasa huu, iliyowashauri wenye vinu vya posho (unga wa mahindi) wa Kisenyi, Kampala, wapige video ya mkanda wa mashine kwa simu, waiingize kwenye programu ya bure na wasome jinsi mkanda unavyovutika, ina nusu ya ukweli. Njia yenyewe ipo na inafanya kazi. Nusu iliyoachwa ndiyo inayompa mtu ramani nzuri ya rangi nyekundu na buluu kwenye kompyuta, ambayo haina uhusiano wowote na mkanda wake. Tunaomba nafasi tuonyeshe mahali kipimo hiki kinapoharibika, kwa kuwa wapo wanaokaribia kutoa pesa kununua kamera wasizozihitaji.

Kwanza kinachopimwa. Mnyumbuko ni kiasi ambacho uso umevutika au kubanwa ukilinganishwa na urefu wake wa mwanzo. Kipande cha mkanda cha mita 1 kikivutwa kikafika mita 1 na milimita 20, kimenyumbuka asilimia 2, yaani sehemu 20,000 kwa milioni. Mkanda bapa wenye kiini cha nailoni hukazwa karibu na kiwango hicho siku unapofungwa. Chuma cha kawaida cha ujenzi, kwa upande wake, kikifika sehemu 1,250 hivi kwa milioni kimeanza kupinda bila kurudi. Tofauti hiyo ya namba ndiyo inayoamua kama kamera itakufaa au la.

Kwenye chuma, geji ya waya mwembamba inayogandishwa kwa gundi imekuwapo tangu 1938 na husikia hata sehemu 1 kwa milioni. Shida yake ni nyaya. Kitu kikizunguka, nyaya hujiviringisha, ndipo mtu analazimika kufunga pete za kupitishia umeme au kifaa kidogo cha redio. Ukiigandisha juu ya mpira, gundi na geji vyenyewe huwa vigumu kuliko mpira, na sehemu uliyotaka kuipima inaacha kunyumbuka. Njia ya picha, iliyoelezwa na Peters na Ranson wa Chuo Kikuu cha South Carolina mwaka 1982, haigusi kitu. Uso hunyunyiziwa madoa yasiyo na mpangilio, ukapigwa picha kabla na baada ya mzigo. Programu huchukua kiraba kidogo, tuseme pikseli (nukta zinazounda picha) 25 kwa 25, ikakitafuta kwenye picha ya pili mpaka kwenye sehemu ya mia ya pikseli. Viraba elfu kadhaa vikishajulikana vimehamia wapi, mnyumbuko unakokotolewa kutokana na tofauti kati ya kiraba na jirani yake.

Kitu kikiwa kimetulia na taa ikiwa nzuri, mashaka ya njia hii, yaani kiasi inachoweza kukosea, ni sehemu 50 hadi 100 kwa milioni. Kikiwa kwenye mwendo huwa mabaya zaidi. Sasa chukua puli ya chuma ya milimita 200 kwenye mota inayozunguka mara 1,450 kwa dakika. Ukingo wake unakwenda mita 15.2 kwa sekunde, na mnyumbuko unaoletwa na kuzunguka huko ni kama sehemu 9 kwa milioni. Kamera haitauona hata ukiinunua kwa bei ya lori. Kwa puli na shafti za chuma baki na geji. Kamera ni ya mikanda, tairi, mapanga ya feni ya plastiki, maturubai na mipira ya kuzibia.

Turudi kwenye mkanda unaopita juu ya puli hiyo, kwa sababu hapo ndipo simu inaposhindwa. Tuseme picha inachukua upana wa milimita 200 kwa pikseli 2,000, maana yake pikseli moja ni milimita 0.1. Shata ya 1/4000 ya sekunde, ambayo wapiga picha za mpira huiona ya haraka sana, hukaa wazi mikrosekunde 250 (mikrosekunde ni sehemu ya milioni ya sekunde). Katika muda huo mkanda umesogea milimita 3.8, yaani pikseli 38. Doa la duara lenye upana wa pikseli 4 linageuka kuwa mstari wa pikseli 42, na mistari ya madoa jirani inapandana. Kwenye picha unaona mkanda wa kijivu wenye michirizi, kama ubao uliofutwa kwa kitambaa kikavu. Programu haitakataa kufanya kazi. Italinganisha michirizi na michirizi na kukupa namba.

Ili mkwaruzo huo, yaani urefu wa mchirizi, ushuke chini ya nusu pikseli, mwanga lazima udumu mikrosekunde 3 au pungufu. Kwa mikrosekunde 1 mkanda husogea pikseli 0.15 tu, na hapo umefika. Angalia tumesema mwanga, hatukusema shata. Kamera inaweza kubaki wazi muda mrefu gizani, na mweko mfupi ndio ukapiga picha. Kwa sababu hiyo fungu kubwa la fedha liende kwenye taa kabla ya kamera. Flashi ya xenoni ya kukagulia mashine mara nyingi huwaka mikrosekunde 10 au 20, na kwa 20 mkwaruzo ni pikseli 3. Leza ya mapigo hudumu nanosekunde chache na huondoa mkwaruzo kabisa, ila nuru yake huleta vinundu vyake vyenyewe vya mwanga vinavyochanganyika na madoa yako. Tena ni hatari kwa macho, na haina nafasi kwenye kinu.

Iliyo nafuu ni LED kubwa za wati 100 zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, zikisukumwa kwa mkondo mkubwa kuliko wa kawaida kwa mikrosekunde 1 hadi 3 tu kwa kila mweko. Mkondo huo utoke kwenye kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme) iliyokaa sentimita chache kutoka kwenye LED, ukikatwa na MOSFET, yaani swichi ya kielektroniki ya haraka. Wengi hukosea kwenye nyaya. Waya wa mita moja una uvivu wa kupandisha mkondo (indaktansi) wa mikrohenri 1 hivi, na kama volti za ziada juu ya mahitaji ya LED ni 12, mkondo utapanda ampea 12 tu kwa kila mikrosekunde, kwa hiyo mweko unakwisha kabla haujakolea. Nyaya ziwe fupi, nene na zilizosokotwa pamoja. Usiamini namba uliyoiandika kwenye programu ya kidhibiti. Weka fotodayodi (kihisi cha mwanga) mbele ya taa, uitazame kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora umeme unavyopanda na kushuka. Mkia wa mwanga unaodumu mikrosekunde 8 nyuma ya kilele kizuri ni ugonjwa wa kawaida, na kwenye picha hujitokeza kama kivuli upande mmoja wa kila doa.

Mwanga wa mikrosekunde 1 ni mara 4,000 pungufu ya ule unaopatikana kwa shata ya 1/250 kutoka kwenye taa ileile. Sogeza taa karibu, zitumie nne badala ya moja, na zima taa za darini. Taa za darini zina kosa lingine pia: kwa umeme wetu wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, na picha mbili zinaweza kutofautiana mwangaza bila sababu ya maana. Programu nyingi zina chaguo la ulinganishaji lisilojali kupanda na kushuka kwa mwangaza. Liwashe.

Simu ina kasoro ya pili. Kihisi chake hakisomi picha nzima kwa pamoja, husoma mstari baada ya mstari, na kazi hiyo huweza kuchukua milisekunde 20. Hata mkanda wa kubebea mizigo unaotambaa mita 1 kwa sekunde utakuwa umesogea milimita 20 kati ya mstari wa juu na wa mwisho. Kama picha ina kimo cha milimita 150, mkanda unaonekana umepinda kama mraba uliosukumwa pembeni, kwa asilimia 13. Mkanda ukisogea kuelekea upande ambao kihisi kinasoma, utaonekana umerefuka. Ukisogea kinyume, umefupika. Ulinganishe na asilimia 2 ya ukweli. Dawa ni kamera ya kiwandani yenye shata inayofungua mistari yote kwa pamoja. Ukikosa hiyo, kamera ya kawaida yaweza kuokolewa gizani: iache wazi muda mrefu mpaka mistari yote iwe wazi, ndipo mweko upigwe mara moja.

Muuzaji atakutajia kwanza megapikseli, kisha picha 10,000 kwa sekunde. Muulize kama shata ni ya pamoja na kama kuna tundu la kupokea ishara ya nje. Picha 10,000 zinahitajika kwa tukio lisilojirudia, kama mkanda kukatika au tairi kuingia shimoni. Mkanda wa mita 4 kwenye kasi hii hurudi pale pale karibu mara 3.8 kila sekunde. Kamera inayopiga picha 5 kwa sekunde inatosha, mradi kila picha ipigwe kipande kilekile kikiwa mahali palepale.

Na ishara hiyo ya kuamuru picha ipigwe isitoke kwenye puli. Mkanda huteleza taratibu juu ya puli, kama asilimia 1 ukiwa na mzigo, kwa hiyo alama ya puli na kipande cha mkanda huachana baada ya mizunguko michache. Wala usitumie saa ya kuhesabu muda: mahindi yakiingia au volti zikishuka, mota nayo hupungua kasi. Bandika ukanda mdogo wa kung'aa pembeni mwa mkanda wenyewe, uusome kwa kihisi cha mwanga. Kihisi kikichelewa mikrosekunde 10 leo na 20 kesho, picha itahama pikseli 1 au 2 tu, na hilo programu inalisamehe kwa sababu uso wote umehama pamoja. Mkwaruzo ndio hausameheki. Ukitaka kuona kama mkanda unapiga mawimbi, ongeza ucheleweshaji kidogo kidogo, tuseme milisekunde 1 kila safari, la sivyo utaendelea kupiga picha ya kilele kilekile cha wimbi na kusema mkanda umetulia.

Kosa lililo kubwa kuliko yote haliletwi na mkwaruzo. Kamera moja haijui umbali. Kitu kikisogea kuelekea kwenye lenzi, huonekana kikubwa, na programu husoma kukua huko kama mnyumbuko. Hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba hakuna kisingizio cha kutoifanya: gawanya kiasi kilichosogea kwa umbali wa kamera. Mkanda unaopepea milimita 5, kamera ikiwa milimita 600, unatoa mnyumbuko wa uongo wa sehemu 8,300 kwa milioni. Hiyo ni karibu nusu ya kile ulichokuja kukipima! Kwa bamba la chuma lililo mita 1 mbele ya lenzi, kusogea milimita 1 tu ni sehemu 1,000 kwa milioni, sawa na mkazo wa megapaskali 200 ambao haupo.

Ukirudisha kamera nyuma hadi umbali wa mita 3 na kutumia lenzi ndefu, kosa hupungua mara tano. Lenzi ya miale sambamba huliondoa karibu lote, lakini kioo chake cha mbele lazima kiwe kipana kama eneo unalopima, na cha milimita 200 si mchezo. Njia ya uhakika ni kamera mbili zinazoangalia kipande kimoja kwa pembe ya digrii 20 hadi 30. Watu huogopa kuzipatanisha wakati. Gizani hakuna tatizo: zote mbili zinafunguliwa, mweko ni mmoja, basi picha ni za wakati mmoja. Mwenye kamera moja anaweza kupanga vioo vinne vya kujitazamia vilivyo bapa vimpe mitazamo miwili kwenye kihisi kimoja, akipoteza nusu ya pikseli zake. Kabla ya kupima, piga picha 20 hadi 30 za ubao wenye madoa ya umbali unaojulikana, ukiuinamisha huku na huku, na ubao ujaze eneo lote la picha. Baada ya hapo usiguse fokasi wala stendi. Kinu cha nyundo hutikisa sakafu, na kamera mbili zikihamiana hata kidogo, upatanisho wote umekwenda. Stendi zisimame kwenye ardhi au kwenye magunia ya mchanga, zisiguse sakafu ya mbao inayobeba mashine.

Usipime mkanda ukiwa umejikunja juu ya puli kisha ukashangaa. Mkanda wa milimita 3 ukipita kwenye puli yenye nusu-kipenyo cha milimita 100, uso wa nje hurefuka asilimia 1.5 kwa sababu ya kujikunja peke yake. Kamera imesoma sawasawa. Swali ndilo limekosewa. Pima sehemu iliyonyooka, ule upande unaovuta, kisha ule uliolegea. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inayokueleza mzigo.

Kuhusu madoa: kila doa liwe na upana wa pikseli 3 hadi 5, kwa hesabu yetu milimita 0.3 hadi 0.5, na yafunike karibu nusu ya uso. Mkanda mweusi usiupake rangi nyeupe yote, kwani ganda la rangi hupasuka mpira ukinyumbuka na nyufa zikageuka madoa mapya. Nyunyiza madoa meupe moja kwa moja juu ya mpira. Futa kwanza mafuta kwa spiriti, uache ukauke. Chovya mswaki kwenye rangi ya maji iliyolainishwa kidogo, ushike sentimita 30 juu ya mkanda, pitisha kidole gumba kwenye nywele zake. Matone makubwa ya mwanzo yaelekee kwenye gazeti (la jana, Mhariri, usikasirike). Rangi iende upande wa nje tu. Upande unaogusa puli ukipakwa, mkanda utateleza. Stika ya karatasi usiitumie kabisa, hainyumbuki pamoja na mpira. Adui wa kwetu ni unga. Unatanda juu ya madoa, unahama kati ya picha moja na nyingine, na programu inaweza kuufuata ikidhani ni uso. Simamisha mashine, futa kwa kitambaa kikavu, rudia.

Picha ya marejeo nayo ina siri yake. Ukiipiga mashine ikiwa imesimama, unalinganisha picha isiyo na mkwaruzo na iliyo nao. Ipige mkanda ukizunguka bila mahindi, kisha piga ya pili mahindi yakiwa ndani. Makosa mengi ya mwendo huwa sawa kwenye zote mbili na hukatana. Utapata nyongeza inayoletwa na mzigo tu. Ukitaka na mkazo wa kufungwa, kipande hicho kipigwe picha mezani kabla ya kuvalishwa.

Programu si tatizo tena. Ncorr na DICe hazilipiwi, ingawa Ncorr huhitaji MATLAB, programu nyingine ya hesabu, na hufanya kazi ya kamera moja tu. Chagua fomula ya mnyumbuko iitwayo Green-Lagrange, maana hesabu nyepesi hudanganyika na mzunguko: kipande kilichogeuka digrii 2 bila kunyumbuka chochote huonekana kimefupika sehemu 609 kwa milioni. Halafu, kabla ya kuamini lolote, piga picha mbili za hali ileile, mkanda ukizunguka bila mzigo, uzilinganishe. Jibu linapaswa kuwa sifuri. Lile lisilo sifuri ndilo shaka lako, na liandikwe kwenye ripoti kando ya kila namba. Kipimo kinachoonyesha sehemu 3,000 huku shaka likiwa 400 kinaweza kusimama. Kikionyesha 300, kifute.

Tairi ya bodaboda nayo inapimika, na ina faida moja ambayo wengi hawaioni. Pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa, sehemu ya juu ya tairi inampita mtu aliyesimama barabarani kwa mita 33 kwa sekunde, lakini sehemu inayogusa lami, kwa kitambo hicho, imesimama. Tumbo la tairi linalojitokeza pale chini, ambalo ndilo lenye mnyumbuko mkubwa, hupigwa picha kwa mwanga mrefu kuliko unaohitajika juu.

Mwisho ni usalama. Mweko unaopatana na mkanda huufanya uonekane umesimama kabisa, madoa yote yakiwa yametulia, na mkono wa mtu huenda wenyewe kutaka kuugusa. Kava ya puli ibaki imefungwa, na kamera itazame kupitia dirisha la akriliki. Mweko wa mara 3 hadi 30 kwa sekunde unaweza kuamsha kifafa, hivyo wanaofanya kazi karibu waulizwe kabla taa haijawashwa. Na kwa kuwa vumbi la unga hewani hushika moto, kapasita na swichi zake zikae ndani ya sanduku lililozibwa, na zijaribiwe nje ya chumba cha kusagia.

Mafundi wa vipimo,
Jinja